Maji ya Katekista

Jumatano, saa nne asubuhi, farasi pekee wa Bombambili alikata kamba, akapita mbele ya saluni bila kujitazama kwenye kioo, akavuka barabara, akaenda kuinamia mtaro ulio karibu na vijana wanaoosha pikipiki. Mtaroni mlikuwa na maji ya mvua ya jana yake, tope, maganda ya miwa na kandambili moja ya kushoto. Farasi aliisogeza kandambili kwa pua, taratibu, kama mgeni anayefunua sahani, akaanza kunywa.

Farasi huyo anaitwa Katekista, kwa sababu ukimweleza jambo hutikisa kichwa kama anayewasikiliza watoto wa kipaimara wakikosea majibu. Katekista wa kweli wa kigango alinuna mwezi mzima kwa ajili ya jina hilo, kisha akaanza kumletea karoti.

Hironimus, mwenye farasi, alipofika mbio, mafunda matatu yalikuwa yamekwisha kupita na simu saba zilikuwa zimekwisha kupiga picha. Akamshika singa za shingo akamvuta kwa hofu ya uchafu ule. Nyuma yake akaja mkewe, Walburga, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Osmund kwa jina la mwanawe anayesoma Njombe. Alikuwa anahema, na mkononi bado ameshika brashi ya kuoshea pipa.

Brashi hiyo ndiyo iliyowafurahisha watu. Kwa miaka miwili Walburga alikuwa amewachosha kwa habari ya maji ya farasi wake. Alisema kisimani, alisema kwenye jumuiya, alisema mashineni akisubiri kusaga, kwamba farasi si punda, kwamba farasi hanywi penye unyasi hata mmoja, na kwamba pipa la Katekista huoshwa alfajiri kabla watoto wa watu hawajanawa uso. Aliwahi kumtoa mbio mgeni wa jirani aliyechota humo kwa kikombe chenye ukoko wa uji. Sasa Hamisi, mkubwa wa waosha pikipiki, alizima mashine yake ya maji akangoja watu wanyamaze.

"Shikamoo, Mama Osmund," alisema kwa heshima zote. "Mgeni wako kaja kuomba maji kwetu. Tungejua anakuja tungemtandikia mkeka."

"Marahaba, Hamisi. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Nimemwacha anaosha pipa."

Vicheko vilimsindikiza Walburga mpaka nyumbani, na brashi yake.

Kicheko kingekuwa kidogo kama shida ingekuwa ndogo. Katekista hakuwa amegusa maji ya nyumbani tangu Jumatatu jioni. Alikuwa akiletwa kwenye pipa lake, lile la bluu lililokatwa katikati, anashusha kichwa, ananusa, anaukunja mdomo wa juu kama bibi aliyeletewa mchuzi wa jana, kisha anageuka. Na Jumamosi alitakiwa kumbeba bwana harusi, Twaha, kutoka hapo Bombambili hadi kwa wazazi wa bibi harusi kule Majengo. Malipo ya awali ya kazi hiyo yalikwisha kupanda basi la Njombe yakawa ada ya Osmund. Katekista ndiye aliyekuwa shamba la nyumba ile, ndiye ng'ombe, ndiye duka. Harusi, kipaimara, picha za watoto sikukuu ya Saba Saba, vyote vilikaa mgongoni mwake.

Mchana huo bwana mifugo akaja. Alikuwa kijana anayeitwa Remmy, mwenye elimu nzuri sana ya ng'ombe. Alimzunguka Katekista mara mbili kwa mbali, akauliza kama anapiga teke. Hironimus akamwambia hapigi, ila tu asisimame nyuma yake. Remmy akasimama mbele. Katekista akatikisa kichwa, Remmy akarudi hatua tatu, akafungua daftari akaandika "ng'ombe, rangi nyeusi", akakata, akaandika upya.

Lakini alipokwisha kumaliza woga wake alifanya kazi ya mtu mzima. Aliifinya ngozi ya shingo, akaiachia, nayo ikabaki imesimama kama kitenge kilichokunjwa. Alimfunua mdomo, akagusa ufizi, akakuta umekauka na unanata. Akasoma kwenye simu yake kwa muda mrefu. Halafu akawaeleza kwamba farasi hatapiki, na tumbo lake likikosa maji majani hukwama humo yakawa kama tofali.

"Kesho jioni akiwa bado hajanywa," alisema, "mimi sitakuwa na la kuwasaidia. Nawaambia ukweli. Hayo maji yenyewe hayana kitu?"

Walburga alimtazama kama aliyeulizwa kama nguo zake ni za kuazima. Alimwambia akanuse mwenyewe. Remmy aliinama pipani akavuta pumzi, lakini alikuwa na mafua ya wiki nzima, akasema hasikii chochote. Akaomba hela ya mafuta ya pikipiki, akaondoka.

Jioni akaja Abdul, baba mdogo wa Twaha, mfanyabiashara wa korosho aliyehamia Songea kutoka Tunduru na bado anaongea kama anayeita mtu ng'ambo ya Ruvuma. Hakukaa. Alisema kwa masikitiko ambayo majirani wa nyumba tatu waliyasikia vizuri kwamba huko mjini zimeenea habari kuwa farasi amekauka ndani. Alisema watu wa bibi harusi wameanza kuuliza. Alisema familia imeona bora iandae pikipiki ishirini zenye maua, na kwamba wanangoja mpaka kesho saa kumi tu, kwa heshima ya ujirani, baada ya hapo itabidi wazungumze habari ya kile kilichotangulizwa.

Hironimus akajibu ndiyo, mzee. Abdul alikuwa mdogo kwake kwa miaka tisa.

Alhamisi Walburga aliamka na shauri. Aliosha pipa, akalijaza maji ya kisima, na kwa kuwa mvua za Machi zilikuwa zimeyageuza maji ya kisima yakawa mekundu, alilizungusha humo jiwe la shabu, kama kila asubuhi tangu Jumatatu, mpaka tope lote likatulia chini na maji yakang'aa. Halafu akachukua ungo wa maharage, akakaa mlangoni mwa jiko, akaanza kuchambua. Alikuwa ameamua kulitazama pipa lile kama mtu anavyomtazama mkwe anayemshuku.

Hakukaa sana. Wa kwanza kutoka alikuwa Notburga, mama mkwe wake, mama yake Hironimus, mwenye miaka sabini na minne na magoti yanayolia akitembea. Notburga alitazama kushoto, akatazama kulia, hakumwona mkamwana wake aliyejificha nyuma ya mlango. Akatoa chupa ndogo ya maji ya baraka na pakiti ya chumvi iliyobarikiwa Pasaka iliyopita. Akafanya ishara ya msalaba, akamimina chupa yote, kisha chumvi, konzi moja, akafikiri, konzi ya pili. Akarudi ndani akikanyaga kwa vidole.

Maharage yalisimama mkononi mwa Walburga.

Kabla hajainuka, akatoka Hironimus. Tangu afisa afya apite na kipaza sauti kuwahimiza watu watibu maji, Hironimus amekuwa mtu wa vidonge. Paketi inasema kidonge kimoja kwa ndoo moja. Hironimus akapasua vinne akavitumbukiza, akakoroga kwa fimbo, akaondoka akipiga mluzi kama mtu aliyefanya la maana kabla ya chai.

Wa tatu aliingilia kwenye upenyo wa ua. Alikuwa Mwanne, jirani, muuza vitumbua, shangazi yake Twaha, na ndiye aliyewatafutia kazi hii ya harusi. Chini ya kanga alificha bakuli. Ndani yake mlikuwa na kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji ya waridi. Mwanne akasema Bismillahi, akamimina, akalifuta bakuli kwa kidole asipoteze tone, akapotea.

Walburga alikwenda pipani akainama. Yeye hakuwa na mafua. Maji yale yalinuka hospitali, kanisa na harusi kwa pamoja.

Hasira ilimpanda, ikakosa pa kutokea. Mama mkwe huwezi kumgombeza kwa maji ya baraka. Mwanne huwezi kumgombeza kwa kombe, na harusi ni yake. Hironimus angeweza kumgombeza, lakini huyo alikuwa anagombezwa kila siku na hapakuwa na utamu mpya. Akasimama pale, akamtazama Katekista aliyekuwa amelaza masikio na kufumba macho nusu, mbavu zimeanza kuhesabika. Akajua kwamba akichelewa kwa ajili ya adabu atamzika farasi kwa adabu.

Akaenda kabatini akatoa glasi za wageni.

Aliwakuta wote watatu barazani, kwa kuwa alikuwa amewaita, kila mmoja kwa maneno yake. Alikuja na sinia lenye kitambaa cha kufuma, glasi nne zimejaa, akapiga goti kidogo mbele ya mama mkwe wake.

"Karibuni maji," alisema.

Notburga alipokea, akauliza maji haya ni ya kisima au ya bomba.

"Ni ya Katekista, Mama. Nimeona leo yamependwa sana, kila mtu kayapitia. Nikasema na sisi tusibaki nyuma."

Notburga aliitazama glasi. Alikuwa ameyabariki mwenyewe, au tuseme ameyamiminia baraka, na mtu hawezi kuikataa baraka aliyoitia kwa mkono wake mbele ya mkamwana. Akanywa. Alimeza kama anayemeza ushahidi. Mwanne akasema Bismillahi yake ya pili ya asubuhi ile, akanywa, macho yakamjaa machozi. Hironimus akasema yeye hana kiu.

"Kunywa," mama yake akamwambia.

Akanywa. Alikohoa mpaka akashika nguzo ya baraza.

Walburga aliwatazama kwa raha ambayo hakuipata tangu Jumatatu. Halafu, kwa kuwa mwenyeji hawezi kuwanywesha wageni naye akabaki mkavu, akainua glasi yake akapiga funda kubwa. Ulimi ukajikunja. Mashavu yakavutana ndani kama mkoba uliokazwa kamba.

Notburga alikuwa amengoja hapo hapo.

"Klorini nimeijua," alisema taratibu. "Chumvi ni yangu, sikatai. Marashi nayajua ni ya nani. Na hiki kinachokunja ulimi ni cha nani, mkamwana?"

Walburga alitazama sinia. Kwa siku nne aliwapeleleza wote, majirani, mbuzi, popo, waosha pikipiki, na hakuwa amemshuku mtu mwenye brashi.

"Ni changu, Mama," alisema alipopata ulimi. "Ni shabu. Nilitaka yang'ae."

Mwanne ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akiwa amejifunika kanga usoni, akamwangukia Notburga begani, Notburga naye akacheka bila meno, na Hironimus, ambaye bado alikuwa anakohoa, hakujua acheke au akohoe, akafanya vyote. Katikati ya kicheko maungamo yakatoka yenyewe. Notburga aliogopa macho ya watu, kwa kuwa nyumba yenye farasi haikosi wa kuionea gere. Mwanne alitaka mnyama atulie asije akamtupa mtoto wao mbele ya wakwe. Hironimus alieleza kwamba kidonge kimoja ni cha ndoo moja ya watu, na Katekista kwa uzito ni watu wanne.

"Ni watu sita," Walburga akamwambia. "Ungezidisha kidogo tu tungekuwa tumekwisha kuchimba kaburi."

Saa tano asubuhi ilikuwa imekwisha kupita, na kicheko hakinyweshi farasi. Walimwaga pipa, wakalisugua kwa mchanga, wakaliosha mara tatu, lakini plastiki ile ilikuwa imekunywa yote waliyoitia na ilikataa kuyatapika. Katekista alilinusa kwa mbali tu akageuka. Wakatazama vyombo vya nyumba. Ndoo zilikuwa ndogo, na kichwa cha farasi si cha kuku. Hapo Mwanne akasimama, akasema wamngoje, akarudi na sufuria kubwa la shughuli, lile la pilau la watu mia, likiwa limesuguliwa jana yake kwa ajili ya Jumamosi mpaka unajiona meno.

Walburga alimwambia, dada, hilo ni la harusi. Mwanne akajibu kwamba bila farasi kuna pikipiki ishirini, na yeye hakumlea Twaha kwa vitumbua ili aende kuoa kama mgombea udiwani.

Hironimus akashuka bondeni kwenye chemchemi na madumu mawili, akapanda, akashuka tena. Walburga aliyachuja maji yale kwa kanga kuukuu iliyofuliwa na kusuuzwa, akaikunja mara nne, na kila tone lilipopita alilitazama. Halafu akawageukia.

"Sala zote nazitaka," alisema. "Mama, msalaba mwekee kwenye paji la uso. Mwanne, Mwalimu Salum wa madrasa aje amsomee sikioni hata juzuu nzima, atamsikiliza, ni mpole. Lakini maji yabaki maji."

Notburga akajongea kwa magoti yake yanayolia, akamwekea Katekista msalaba kwenye paji. Mwanne akasoma alichokijua, kwa sauti ndogo, kwenye sikio la kushoto. Wakarudi nyuma wote wanne, wakajifanya hawatazami, kwa kuwa Hironimus alisema farasi kama binadamu, hapendi kukodolewa mezani.

Katekista alinyoosha shingo. Akanusa ukingo wa sufuria, akaona farasi mwingine humo ndani anamnusa, akashtuka, akafikiri. Mdomo ukagusa maji, ukaondoka. Ukagusa tena, ukabaki.

Funda la kwanza lilionekana likipanda chini ya ngozi ya shingo kama yai linalotembea, na masikio yakachezacheza. Likaja la pili, na la tatu, na kila funda masikio yale yalikwenda mbele na nyuma kama mtu anayepiga makasia. Hironimus alihesabu kwa vidole mpaka vikaisha, akaanza upya. Walburga alikuwa ameuma upindo wa kanga yake. Maji ya sufuria yalishuka mstari kwa mstari, na Katekista alipoinua kichwa, matone yakimdondoka kidevuni, aliguna, akashusha tena.

Wakati huo huo Abdul akaingia uani. Saa kumi ilikuwa bado sana, lakini alikuwa amekuja mapema ili asikilizwe na watu wengi zaidi. Akasimama. Alimtazama farasi, akalitazama sufuria, akalitambua.

"Mwanne," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini. "Hilo si la pilau?"

"Ndilo, kaka."

"Na farasi anafanya nini humo?"

"Anafungua harusi," Mwanne akamjibu. "Wewe kaghairi zile pikipiki. Sufuria nitaliosha, na huna haja ya kulitangaza mpaka Tunduru."

Jumamosi Katekista aling'arishwa mpaka inzi wakawa wanateleza. Twaha alipanda akiwa na kanzu nyeupe na uso wa mtu aliyekatazwa kutazama chini. Dufu zilitangulia. Walburga alitembea upande wa kulia akiwa ameshika hatamu na Hironimus upande wa kushoto, Mwanne nyuma na sare yake ya harusi, na Notburga alipakiwa kwenye bajaji na kitenge chake cha WAWATA, cha akina mama Wakatoliki, kwa kuwa magoti yalikataa ila roho haikukataa.

Kwa waosha pikipiki Hamisi alisimama na vijana wake mstari mmoja, mikono kifuani, wakaupisha msafara. Lakini habari ya farasi aliyekauka ilikuwa imekwisha kufika Majengo kabla ya farasi mwenyewe. Getini kwa wakwe palijaa watu, na si wote walikuja kwa ajili ya bibi harusi. Wengine walikuja kumwona mnyama akidondoka na bwana harusi juu yake. Mama mmoja aliyevaa miwani ya jua alimweleza mwenzake, kwa sauti ya kusikika, kwamba huyo kapakwa mafuta tu, ndani ni kuni. Walburga alisikia. Mkono wake ukakaza hatamu. Alitamani kumwonyesha, lakini ya ndani ya farasi hayaonyeshwi barabarani.

Hatua kumi kabla ya geti, Katekista akasimama.

Hironimus akamwomba aende. Hakwenda. Akajinyoosha, miguu ya mbele mbele, ya nyuma nyuma, akatulia kama meza. Twaha juu yake akajishika. Dufu zikapungua, zikanyamaza. Na hapo, mbele ya geti la wakwe, mbele ya masheikh, shangazi na kamera ya video, Katekista akakojoa.

Hakukojoa kidogo. Alikojoa kama bomba kuu lililopasuka, mkojo safi, mwingi, wa kusikika, ulioingia vumbini, ukafanya kijito, kijito kikashuka polepole kuelekea kwenye viatu vya yule mama wa miwani, naye akaruka. Abdul akafumba macho. Twaha akatazama mbele, mbali, kama askari wa gwaride. Hakuna aliyejua pa kuweka uso.

Ndipo Walburga akatupa kichwa nyuma akapiga kigelegele.

Kilimtoka tumboni, kirefu, kikapanda juu ya mabati ya Majengo. Kitambaa cha kichwa kikamdondoka hakukiokota. Mwanne akakidaka kigelegele chake, Notburga akakipokea kutoka kwenye bajaji, na wanawake wa msafara, wasiojua ni kwa nini ila hawajawahi kuachia kigelegele kipite bure, wakaingia wote. Dufu zikaanza upya kwa nguvu.

Bibi yake bibi harusi, mzee sana, aliyewekwa kwenye kiti getini kupokea wageni, alimvuta Mwanne kanga akamuuliza hii iliyofanyika ni mila ya nani.

"Ya Wangoni, bibi, hawa wenye farasi," Mwanne akamwambia sikioni. "Kwao bila hiyo harusi haijakubaliwa."

Upande wa pili, Notburga alikuwa anamweleza mpiga video kwamba ni ya Wayao, watu wa akina Mwanne.

Bibi akatafakari. Akaishika fimbo yake, akasaidiwa kusimama, akakitazama kile kijito kilivyokuwa kinapita mlangoni kwake.

"Basi na sisi tusiwaangushe," alisema, akajaza kifua, akapiga kigelegele kilichovishinda vyote.